Papa Darius na Maji ya Samaki

Papa Darius alikuwa na kazi ambayo watu wanaihitaji na hawaipendi, na kazi ya namna hiyo inachosha kuliko kulima. Kila asubuhi alishuka kwenye bomba la chini, pale camp ya Lushebere inapoishia na mashamba ya maharage yanapoanzia. Alivaa gilet ya shirika, iliyopauka mupaka maandishi hayasomeki tena, akafungua dumu lake dogo la chlore. Kila bidon iliyojazwa ilipita mbele yake. Anavuta dawa kwa siringi isiyo na sindano, anaisukuma ndani, anafunga kifuniko, anapisha mwenye bidon. Maji yakiwa na potopoto, matope ya kisha mvua, anaongeza kipimo. Ni hivyo mupaka jua linazama. Mukono wake wa kuume ulinuka chlore hata siku ya Mungu kanisani, na watu wa benchi lake walijua kumuachia nafasi.

Hakuzaliwa na siringi mukononi. Alikuwa mulimaji wa Nyabiondo, wa muhogo na maharage, kwenye kilima ambacho babu yake alikilima mbele yake. Walipokimbia vita, alikuja na muke wake Adelaïde na kijana wao Élie. Mwaka ule wa kwanza maji ya camp yalikuwa ya kubahatisha. Adelaïde alianza kuhara siku ya soko, na kesho yake saa nne tulikuwa tunamutafutia sanduku. Alikuwa mwanamuke wa kubeba gunia peke yake kupanda na kushuka vilima. Ugonjwa ulimukamua kama shati. Shirika lilipokuja kutafuta watu wa kutia dawa kwenye maji, Darius alikuwa wa kwanza kuandikwa. Wako waliosema anafuata prime, ile pesa kidogo ya shirika. Muntu wa kufuata prime anachoka mwezi wa tatu. Darius alikuwa mwaka wa nne.

Élie naye akakomaa, akaoa Estelle, binti mwenye mikono ya kazi na kinywa kisicholala. Mimba ilipofika miezi mitano maisha yakabana, Élie akashuka Mubi kubebea watu wa migodi mizigo yao. Alimuachia baba yake neno moja tu: amulindie muke, na mutoto aliye tumboni. Neno lile Darius alilibeba kama alivyobeba kila kitu, bila kusema, mabega yakishuka kidogo zaidi.

Sasa shida njo hii: Estelle hakunywa maji ya Darius.

Uvumi ulikuwa umeingia camp. Walisema chlore inakausha tumbo la uzazi, na kama mimba imekwisha kukaa, mutoto anazaliwa bila kucha. Nani alimuona mutoto wa bila kucha? Hakuna. Kila muntu alimusikia kwa mwingine, na yule mwingine alimusikia kwenye salongo, siku watu wanafagia njia na kutafuna habari. Wanawake wenye mimba wakaanza kushuka marais, bondeni penye majimaji, kwenye kijito kinachotokea chini ya mashamba, na chini ya vyoo vya bloc ya tatu ukitaka niseme ukweli wote. Walisema maji yale ni matamu. Nilikuwa ninaujua utamu wake, na nilijua pia unatoka wapi.

Muntu wa mbali atauliza: baba mukwe si angemukataza tu? Angemukataza na kinywa gani? Kwetu baba mukwe na mukamwana hawakai mukeka moja. Hawali pamoja, hawatazamani machoni, baba mukwe haingii nyumba ya mukamwana wala mukamwana haingii yake, na kumugombeza uso kwa uso ni aibu ya kuitisha kikao cha ukoo. Mwanaume akiwa na neno, analipitisha kwa muntu mwingine. Kazi hiyo ni ya mama mukwe, lakini mama mukwe tulikuwa tumekwisha kumuzika. Ikaniangukia mimi, kwa sababu bâche yangu, nyumba yangu ya turubai, inagusana na za kwao mbili, na kwa sababu sina haya ya kusema.

Nilipeleka neno mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili nililipeleka kwa ukali wangu mwenyewe, ambao Darius hakunituma nao. Estelle alikuwa anasonga bugali. Hakugeuka hata.

"Mama Céline, mwambie Papa nimesikia. Lakini hii tumbo iko yangu, haiko bidon."

Nilimufikishia Darius jibu lile nikiwa nimelipunguza chumvi. Nadhani aliionja ile chumvi niliyoitoa, maana aliniangalia, akaitikia na kichwa, akarudi kushona kiatu chake.

Wazo la samaki lilimujia palepale bombani. Mwanamuke mumoja, Aurélie wa bloc ya pili, alimwaga bidon yake mbele ya mustari wote. Akauliza: dawa inayoua vidudu itaacha namna gani kuua muntu, kwani muntu si kidudu kikubwa? Watu wakacheka. Darius akalala na neno lile, akaamka nalo. Kama ni kuona wanataka, wataona. Kwenye kamuto ka juu, maji yakiwa bado safi, kuna samaki wadogo wa urefu wa kidole, wenye madoa matatu meusi ubavuni, wanaotembea kundi kama wanafunzi wanaotoka shule. Siku ya Mungu, kisha misa, akaenda kuwavua na kipande cha moustiquaire, chandarua cha mbu. Kesho yake asubuhi akaja bombani na chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kichwa. Akaijaza maji ya bomba, akatia chlore kipimo kilekile cha kila siku, kila muntu akiona, akawaweka samaki wanane ndani.

Hakuomba shauri kwa muntu. Na kama angeniomba mimi, ningemwambia ni akili kubwa.

"Munasema hii maji inaua," akawaambia watu wa mustari. "Hii samaki iko kidogo kuliko ninyi. Muangalie tu."

Waliangalia. Saa mbili samaki walikuwa wanazunguka vizuri. Saa tatu walipanda juu, wakawa wanatafuta hewa kwa midomo. Saa tano wawili waligeuka tumbo, na mbele ya saa saba wote wanane walikuwa wanaelea kama maganda ya maharage. Darius alikuwa anaendelea kutia dawa, bidon kwa bidon, kwa sababu mustari haungoji, na kila aliyepita alichungulia ile chupa. Aurélie hakucheka mara hii. Alichukua bidon yake tupu akashuka marais, na wengine nyuma yake. Jua lilipozama mustari ulikuwa umebakia nusu.

Estelle alipata habari mbele Darius hajafika nyumbani. Akanituma bila mimi kumuuliza kitu: nimwambie Papa aksanti, amemuonyesha vizuri.

Neno lile sikulifikisha. Kuna mizigo ambayo muntu anaweza kuiacha njiani.

Siku mbili Darius alikula kwa kujilazimisha. Alikuwa amekunja gilet na kuiweka juu ya dumu la chlore, kama muntu anayejiandaa kurudisha vya wenyewe. Siku ya tatu akaamua kuuliza kwanza. Akaenda kwa Kabera, mwenye mabwawa ya samaki kwenye njia ya Masisi-centre. Kabera alifundishwa ufugaji wa samaki na mapadri zamani, na tangu hapo amekuwa muntu ambaye hakuna kinachomushangaza. Alimusikiliza mupaka mwisho, kiisha akamuuliza kama akimwaga gunia la chumvi bwawani samaki watakuwa namna gani. Watakufa, Darius akasema. Kabera akamuuliza kama yeye anatia chumvi kwenye sombe yake, na kama imekwisha kumuua. Samaki anayapumua maji, akamweleza. Chlore inamuunguza mashavu, pale anapopumulia. Tumbo la muntu ni jambo lingine. Kiisha akaongeza kwamba chlore haikai majini milele. Ukiyaacha maji wazi siku mbili, inaondoka na hewa, na samaki wanaishi humo bila shida. Wazungu wanawafuga hivyo ndani ya salon, chumba cha wageni, kwenye sanduku la kioo wanaloita aquarium, kwa kuwaangalia tu.

"Hawakule?" Darius akauliza.

"Hawakule. Banaangalia mupaka banasinzia."

Aliporudi alinieleza vyote. Nikamuuliza vitamusaidia nini, na watu wamekwisha kuona walichoona. Akakaa juu ya bidon yake, mikono ikining'inia kati ya magoti. Akasema watu wa mustari amewaachia Mungu. Anatafuta muntu mumoja. Kama Estelle hafiki bombani, basi maji ya bomba yaje pale anapopita kila siku, yawe na kitu cha uhai ndani yake, ayaone asubuhi na jioni mupaka azoee kwamba si sumu.

"Mama Céline, maneno yangu imeisha," akasema. "Nabakia na samaki."

Nikamupa vitrine yangu, sanduku la kioo la kuuzia mandazi. Asinisifu muntu: kioo kimoja kilipasuka tangu mwaka uliopita, na mandazi nilikuwa ninauzia kwenye beseni.

Kujenga nyumba ya samaki si kazi ya siku moja. Alipata kioo cha kubadilisha kwa fundi wa madirisha wa Masisi-centre, pamoja na silicone ya kuzibia. Akaziba pembe zote kwa ndani, akaiacha siku tatu ikinuka kama siki, mupaka harufu ikaisha, kwa sababu Kabera alimuonya kwamba harufu ile nayo inaua. Akajaza maji kwa kujaribu. Yakavuja mupaka kwenye mulango wangu. Akakausha, akaziba tena, akangoja tena. Mimi ningekwisha kuivunja na kuuza vipande.

Pa kuiweka napo palikuwa maneno. Nyumbani mwake Estelle hawezi kuingia. Nyumbani mwa Estelle yeye hawezi kuingia. Ikakaa katikati, chini ya bati linalounganisha bâche zote mbili, juu ya gunia la muchanga lililosawazishwa, kwa sababu maji ni mazito na meza za camp haziaminiki. Jua la saa sita halifiki pale. Jua linayageuza maji kijani kibichi. Akaosha muchanga wa mutoni mara kumi, bila sabuni, mupaka maji ya kuoshea yakatoka meupe. Akaumwaga chini kina cha vidole viwili, akapanda majani ya majini, akaweka mawe mawili ya kujifichia. Maji alileta ya bomba, yenye dawa aliyoitia yeye mwenyewe, akayaacha kwenye beseni wazi siku mbili, njo akayamimina.

Nikadhani sasa ni samaki. Hapana. Akangoja juma nzima na maji matupu. Nyumba mupya ya udongo hauihamii ikiwa mbichi, ndivyo Kabera alivyomwambia, na ya samaki ni vilevile. Wapita njia wakamuuliza kama anafuga maji. Wengine wakauliza maji yenyewe yataanza kuzaa lini.

Akaanza na samaki wawili tu, kwa woga wa kuua wengi tena. Wawili wale walijificha nyuma ya jiwe, hawakula, rangi yao ikafifia. Ikabidi apande tena kwa Kabera, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi kwa miguu yake iliyosimama siku nzima. Kabera akamwambia samaki wa namna ile hawaishi wawili. Wanatafuta usalama kwa wenzao; wasipofika sita, wa aina moja, kila siku yao ni siku ya kukimbia. Na asiwatie wote mara moja. Akaongeza wawili, akapisha juma moja, akaongeza wawili. Siku walipotimia sita walitoka nyuma ya jiwe wote pamoja, wakageuka pamoja, na madoa yao meusi yakarudi kama yalivyokuwa mutoni.

Kabera, kwa roho nzuri, alikuwa amemupa na tilapia moja changa, na zawadi hairudishwi mulangoni. Siku ya tatu tilapia ile ilikuwa imechukua upande mzima wa kioo kama chef de localité kwenye kijiji chake, na wadogo wanabanana kwenye kona, mikia imetafunwa. Darius akairudisha kwa mwenyewe, na kwa heshima akapeleka mahindi mabichi juu yake.

Jioni ya siku ile Estelle alikuwa kwenye kiti chake cha chini, anamenya muhogo, tumbo limekwisha kumufikia magotini. Darius alikuwa amempa mugongo, anapanga bidon zake. Estelle akainama kwenye kioo.

"Ninyi samaki," akasema, "yule mukubwa asirudie hapa. Alikuwa anawatesa."

Darius akakohoa, akayaambia mawingu:

"Samaki bajue mukubwa ameenda kwabo."

Nilijizuia kucheka mupaka mbavu zikauma. Miaka miwili waliishi ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kuwasikia wakipeana maneno mbali na hodi. Tangu jioni ile wakawa wanapitisha habari kwa samaki. Samaki wakaambiwa Élie ametuma salamu kutoka Mubi na muntu wa moto, mwenye pikipiki. Samaki wakaambiwa unga umeisha. Samaki wakaulizwa kama mugongo wa Papa unauma, maana leo anatembea kama amebeba kitanda. Kazi yangu ikapungua, na kusema kweli nilishukuru. Nilikuwa nimechoka kuwa njia ya watu.

Chakula akawa anawapa Estelle: chembe za bugali kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, mara moja kwa siku, kwa sababu kinachobakia kinaoza na kuharibu maji. Mara moja alitaka kumwaga yote na kusugua kioo kwa sabuni na majivu, kwa vile shangazi zake walikuwa wanakuja na nyumba lazima ing'ae. Nilimushika mukono kwa nguvu. Maji ya samaki yanabadilishwa kidogo tu, robo kwa juma. Darius analeta bidon moja jioni, anaiacha pale katikati. Estelle anaimwaga kwenye beseni, anaiacha wazi siku mbili, kiisha anawamiminia samaki polepole kwa kikombe. Maji ya dawa yakawa yanapita mikononi mwake. Kinywani bado. Akiona kiu, bidon yake ya marais ilikuwa nyuma ya mulango.

Wanawake wakaanza kuja kuangalia. Aurélie naye akaja, akachuchumaa mbele ya kioo muda murefu, akasema yale maji ni ya marais. Estelle akamwambia ni ya bomba, anayamimina yeye kwa mukono wake.

"Basi na wewe kunywa," Aurélie akasema.

Estelle, mwenye kinywa kisicholala, akachukua ufagio akafagia pale alipokwisha kufagia.

Kiisha ugonjwa ukashuka bloc ya tatu. Watu wawili walibebwa kwenye centre de santé siku moja, na njia yao ikamwagiwa chokaa. Kwenye bomba mustari ulirudi kidogo, wa wanaume hasa. Wenye mimba walibakia na marais yao. Darius akawa anarudi na uso wa majivu. Alijua anachokiangalia. Alikuwa amekwisha kukiona kwa Adelaïde, na mutoto wa Élie alibakiza mwezi moja.

Mchana moja niliingia pale chini ya bati nikamukuta Estelle ameshika kikombe. Alikichovya kwenye beseni, kwenye maji ya samaki yaliyokaa wazi siku mbili, akanywa. Aliponiona aliruka kama mwizi wa mahindi.

"Hii haina harufu," akasema. "Na samaki sita banakaa ndani. Nilichoka kuogopa."

Sikungoja. Nilishuka bombani na goti langu bovu, nikimupelekea Darius habari niliyoona ni furaha. Nikamunong'oneza: mukamwana amekunywa maji ya bomba. Siringi ikabakia hewani. Akaniuliza ya bidon ao ya beseni. Nikasema ya beseni. Akamupa mwenzake wa kazi siringi ile, akakaa chini kwenye jiwe, akaweka uso mikononi.

Nilifikiri amefurahi. Akanieleza, bila kuinua kichwa, kama muntu anayesoma barua ya msiba. Maji yakikaa wazi siku mbili dawa inatoka. Njo maana samaki wanaishi. Lakini dawa ikitoka, ulinzi umetoka. Nzi wanatua, kuku wanapita, kila mukono unachovya, na ugonjwa uko bloc ya tatu. Beseni lile kwa samaki ni zuri. Kwa muntu halina tofauti kubwa na marais. Na yeye mwenyewe njo aliyemufundisha Estelle kuliacha wazi, siku kwa siku, kwa macho. Akimwambia ukweli, ataona Aurélie alikuwa na haki, samaki wanaishi kwa sababu chlore imeondoka, na atarudi marais. Akinyamaza, atakunywa beseni lile mupaka siku atakayobebwa.

Nilimushauri anyamaze. Nilisema ni nusu ya njia, tuifunike tu beseni bila kusema kitu, mupaka azae. Shauri baya, nalijua sasa. Nililitoa kwa uchovu. Darius alinisikiliza, kiisha akasimama kwa kushika magoti yake na kupanda kilima. Nilimufuata.

Estelle alikuwa mbele ya kioo, kisu na muhogo mukononi. Darius akasimama ukingoni mwa bati, akageuza uso upande wa njia kama heshima inavyotaka. Niliwaza ataanza na samaki.

"Estelle," akasema.

Kisu kikasimama. Hakuwa amewahi kulitaja jina lile mbele yake.

"Niko nasema na wewe, haiko na samaki. Ile maji ya beseni, dawa ilisha kutoka. Njo maana samaki haikufi. Kwa samaki iko muzuri, kwa muntu haiko. Sikukuambia mbele, kwa sababu niliogopa utarudia marais. Mama ya Élie alikufa mu mikono yangu, kwa maji. Ukamate ya bomba, uifunike, ilale usiku moja. Harufu itapunguka, dawa itabakia. Samaki yote ikiingia mule itakufa, na wewe hautakufa. Ukikataa, ukatae ukijua."

Hakungoja jibu. Akateremka kurudi bombani, na kutoka nyuma alionekana muzee kuliko miaka yake. Estelle akaweka kisu chini.

"Ameniita jina," akaniambia.

Nilingoja anipe neno la kupeleka. Hakunipa. Siku mbili hakuwaambia samaki kitu, na Darius naye hakuwaambia. Siku zile mbili Estelle alikunywa maji ya kuchemsha, mupaka kuni za bâche yake zikaisha na akaanza kuvunja ungo wa zamani. Kwenye camp hakuna muntu anayeweza kuchemsha maji ya kunywa juma nzima. Kila mumoja wetu alilijua hilo.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa kwenye mustari wa bomba. Nikamuona anateremka na bidon, mukono moja kwenye kiuno, anahema. Watu wakampisha kwa sababu ya tumbo, kiisha wakakumbuka anaenda kusimama mbele ya nani, wakaangalia pembeni kwa aibu yao. Hakuchukua nafasi ya muntu. Alisimama mustari wote, akajaza, akaisukuma bidon kwa mguu mupaka mbele ya dumu la chlore.

Darius hakuinua macho. Aliona miguu, na miguu aliijua.

"Litre ngapi?" akauliza, kama anavyouliza kila muntu.

"Makumi mbili, Papa."

Akavuta dawa. Mukono wake ulikwenda polepole, lakini kipimo hakikukosea. Akasukuma, akafunga kifuniko, akakikaza mara ya pili.

"Usiku moja?" Estelle akauliza, akiangalia kifuniko.

"Usiku moja. Na ufunike."

Bidon ile niliibeba mimi. Nyuma yetu mustari ulikuwa mufupi kama jana yake, Aurélie hakuwemo, na Darius alikuwa amekwisha kuvuta dawa ya anayefuata.

Kesho yake asubuhi Estelle alifunua bidon mbele yangu, akajaza kikombe, akanywa mupaka chini akiwa amekunja uso kama muntu anayemeza dawa ya kinini.

"Inanuka bado," akasema, akajaza cha pili.